Siku ya Thelathini na Sita

Kiangulio chetu ni kabati la marehemu baba.
Fundi Shaame kalitoboa matundu, kalitia balbu na feni,
lakini kishikio cha shaba kipo palepale:
ukikivuta, badala ya kanzu
zinakutazama trei za mayai.

Yalivuka kutoka Tanga yamelazwa kwenye maranda,
mia tano ishirini na nane.
Kumi na tisa yakapasuka bandarini Wete.
Mchukuzi akasema, "Dada, hayo ya kukaanga."
Sikumjibu. Niliandika daftarini: 509.

Geuza alfajiri, geuza adhuhuri, geuza baada ya isha.
Bibi Mwanakombo akipita hunicheka:
"Koo wangu hana saa.
Hugeuza akiota."

Usiku wa kumi na tisa umeme ukakatika, Konde nzima.
Tukaleta chupa za maji moto, mablanketi,
hata mto wa sufi wa harusi yangu.
Hamdu kashika tochi ya simu kwa meno
kama anayekula mwanga.
Nikatega sikio kwenye yai moja:
ndani kuna kitu kinagonga, kidogo kidogo,
kama mpangaji asiyetaka kumwamsha mwenye nyumba.
Saa tisa friji ikaguna.
Hatukushangilia. Tulikaa chini, basi.

Wakatoka mia tatu sabini na wawili.
Yaliyobaki niliyafukia nyuma ya banda
bila kuyapasua kutazama.

Na hapo maneno yakaanza kuniishia.
Maana kwetu kuku ana safari ya majina:
huwa kifaranga, huwa tembe au pora,
huwa mtetea, huwa koo, huwa jimbi la kuamsha mtaa.
Hawa wana siku tu.
Siku ya saba, tone la kideri jichoni.
Siku ya kumi na nne, Gamboro, kwenye maji yenye maziwa ya unga.
Siku ya ishirini na nane kifua kinatangulia,
miguu inakuja nyuma kama mdeni.
Siku ya thelathini na tano, mzani.

Bibi alimwinua mmoja, akampulizia manyoya.
"Huyu tembe au pora?"
"Huyu kilo moja na robo tatu, bibi."
"Nimekuuliza nani. Sikukuuliza kiasi gani."

Chake, kwenye friza la duka,
kuku wa ng'ambo wamelala katonini na barafu kwapani,
hawana hata vichwa vya kuulizwa jina,
na bei yao iko chini yangu kwa elfu mbili.
Hidaya wa mgahawa alinishika mkono:
"Wako watamu, Mize, Wallahi watamu.
Lakini wateja wangu wanakula bei."
Na mfuko wa chakula, tangu mfungo sita,
umepanda mara mbili, haujashuka hata kupumzika.

Thelathini na mmoja walikufa.
Mia tatu arobaini niliwauza, wengine kwa mkopo.
Faida ikatosha viatu vya Salhina
na mayai mengine, pungufu ya yale.

Mmoja Bibi alimtaka. Hakumchinja.
Alimfunga uzi mguuni, akamweka chini ya mpera
pamoja na kuku wake wembamba wenye mbio.
Siku ya thelathini na sita:
daftari langu halina mstari wake.
Kuku akakaa pale pale alipowekwa,
analitazama jua upande upande
kama anayesubiri mtu alizime.

Husemwa mwana wa kuku hafunzwi kuchakura.
Huyu alifunzwa.
Nilimwona Bibi kachutama, kanga kiunoni,
anaparua udongo kwa vidole viwili,
"Hivi. Hivi. Mguu ndio mkono wako."

Siku ya arobaini na moja, moyo.
Wazito huenda hivyo, kasema Shaame,
akiwa anabadilisha balbu.

Bibi hakulia wala hakuniomba mwingine.
Jioni tu, tunachambua mchele, akasema,
"Alichakura, lakini. Jana. Mara moja.
Akatoa siafu, akashindwa la kumfanya."

Daftari lilikuwa pale pembeni.
Niliiandika siku hiyo. Sikujua safu gani.